Pembeni mwa Muuza Samaki

Picha yenyewe ilikuwa ya muuza samaki. Mtu mgeni kabisa, hata jina Semeni hakumwuliza. Bwana mrefu aliyevaa kofia ya kike ya ukindu yenye ua la plastiki, na perege amewatunga kwenye kamba wakaning'inia pande zote mbili za usukani wa baiskeli kama mapazia ya nyumba ya harusi. Nyuma alikuwa amefunga tenga la kambale na dumu la maji ya kuwanyunyizia wasinyauke. Jua la asubuhi liliwapiga wale perege wakang'aa. Semeni alimwamkia, akamwomba ampige picha, na yule bwana akasema apige tu, ila wake za watu wa Ikwiriri wakianza kumtafuta asilaumiwe yeye.

Jioni, Semeni alipokuwa amerudi kwake Chumbi, akaiweka picha ile kwenye stetasi. Simu yake ilikuwa ya kupangusa, aliyoachiwa na mwanawe Twalibu aliponunua nyingine huko Dar es Salaam, na kioo kilikuwa kimepasuka pembe ya chini, upande wa kulia, pakaingia weusi kama wino uliomwagika. Basi Semeni aliona muuza samaki, akaona ua, akaona perege na baiskeli. Kilichokuwa kwenye pembe ile hakukiona.

Wenye simu nzima walikiona. Pale pembeni, juu ya ngazi ya mlango wa mbele wa nyumba ya kando ya njia, alisimama mwanamke kichwa wazi, nywele hazina hata kitambaa, mkono ameunyoosha kuelekea kwa yule mwanamume na mdomo umefunguka kama anamwita. Alikuwa Sihaba, wifi yake Semeni, dada wa mumewe. Na Sihaba alikuwa ndani ya eda.

*

Mshamu, mumewe Semeni, alirudi kutoka shambani akiwa ameshika jembe kwa mkono mmoja na kiswaswadu chake cha kubonyeza kwa mkono wa pili. Hakuliweka jembe mahali pake. Alikaa kwenye kigoda, akavua mabuti, akayagonga matope taratibu, moja kwa lingine, na Semeni akajua kuna jambo, maana mumewe akiwa na jambo huanza na kazi ndogo ndogo.

"Mama Twalibu," alisema, "ile simu yako umempiga nani picha jana?"

Semeni akamwambia, muuza samaki.

"Saidy kanipigia. Anasema umempiga dada yangu."

Saidy alikuwa mdogo wake marehemu Gharibu, mume wa Sihaba. Namba ya Semeni aliichukua siku ya msiba, kwa ajili ya habari za michango, na tangu hapo akawa anaona kila alichoweka. Safari hii aliona, akaihifadhi, akawapelekea ndugu zake wote, na wao wakawapelekea wengine. Sasa alitaka kikao. Alisema shemeji yake kaharibu eda, kasimama mlango wa mbele kichwa wazi anaongea na mwanamume wa njiani, na kaka yake hajaoza. Alisema Mshamu aende kumchukua dada yake, akamalizie eda hiyo kwao Chumbi kama bado ataiita eda.

Kwa watu wa nyumba ile, mjane hapiti mlango wa mbele. Mambo yake yote ni uani. Nguo yake ni bafta nyeupe, kichwa kimefunikwa, sauti yake haifiki barabarani, na mwanamume asiye ndugu hasemi naye pasipo dharura. Sihaba alikuwa ameyashika hayo yote tangu Gharibu azikwe, wakati watu wanapandikiza mpunga, na sasa ufuta ulikuwa unaanza kuvunwa, eda karibu inaisha. Hakuwahi kujaliwa mtoto. Nyumba ilijengwa na Gharibu kwa fedha ya boriti za mikoko alizokuwa akizileta kutoka Nyamisati, vyumba vinne vya bati, karibu na barabara kuu. Wanunuzi wa ufuta wakija Ikwiriri hutafuta vyumba vya namna hiyo, na Saidy alikwisha kusikika kijiweni akisema vinne hivyo vikikarabatiwa kidogo vitakuwa gesti. Mjane mwenye fungu lake ndani ya nyumba ni kikwazo. Mjane aliyeondoka kwa aibu huwa harudi kudai kitu.

Mshamu alimaliza kugonga mabuti. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kijiji kizima kinamwita yeye mume wa mpiga picha, na alikuwa akinyamaza. Alinyamaza aliposikia mkewe kampiga picha kinyozi aliyesinzia kwenye kiti chake mwenyewe. Alinyamaza alipoambiwa kasimamisha watu wanaopepeta ufuta, na siku ile aliyomfuata mbeba godoro hadi sokoni kwa sababu eti godoro lilikuwa linatembea kwa miguu ya mtu.

"Sasa umefika kwetu," alisema, akaingia ndani bila kugusa chakula.

Semeni alibaki na sahani. Kupiga picha za watu asiowajua ilikuwa ndoto yake ndogo, si ya kupata kitu. Maisha yake yote alikuwa akitazama watu aliowajua, sura zile zile, shida zile zile, mpaka aliweza kujua nani anakohoa kwa kusikia tu. Mtu asiyemjua ulikuwa uso mpya, kama nguo ambayo haijafuliwa. Siku za kupeleka mchele Ikwiriri alikuwa akiamka na hamu. Aliwaomba, walio wengi walikubali, wengine walimwuliza ni wa gazeti gani, na wachache walimfukuza, maana tangu ile miaka mibaya ya mauaji watu wa Kibiti na Rufiji hawapendi kutazamwa sana. Naye akifukuzwa aliomba radhi akaenda zake.

*

Lakini kulikuwa na picha ya pili.

Semeni alimwambia mumewe asubuhi, wakati anampimia maji ya kuoga, kwa sababu hakulala. Siku ile ya muuza samaki alikuwa anapeleka unga wa mchele kwa wifi yake. Alipofika mbele ya nyumba akamkuta yule bwana na kofia yake, akasimama upande wa pili wa njia, akapiga. Mara akasikia Sihaba anapaza sauti, "Baba, nisaidie maji!" Muuza samaki akageuka, akateremsha dumu, baiskeli ikasogea, na nyuma ya tenga la kambale akaonekana Bi Salima, mama mkwe wa Sihaba, yupo chini kwenye vumbi la ngazi. Kidole cha Semeni kilikuwa bado kiko kwenye simu. Kikabonyeza. Ndipo akatupa kila kitu akakimbia.

Bi Salima alikuwa ametoka kwenda kumwita mtoto wa jirani, miguu ikamkataa, akaanguka, na tumbo lililokuwa likimsumbua nalo likamkataa papo hapo, asubuhi, njia imejaa watu. Sihaba alikuwa uani. Alimsikia akilia, akapita chumbani, akapita ukumbini, akafungua mlango wa mbele, akavua bafta kichwani mwake akamfunika nayo mama mkwe wake kuanzia kiunoni mpaka miguuni. Kisha akaomba maji kwa mtu aliyekuwa na maji. Yule bwana aliteremsha dumu zima, akageuza uso wake ukutani, akabaki hivyo mpaka walipomwingiza mama wa watu ndani.

"Basi hiyo ndiyo ya kuonyesha," Mshamu alisema. "Yanini tunateseka?"

Semeni akamkumbusha Bi Salima ni nani. Bi Salima alikuwa kungwi. Nusu ya wanawake wa Ikwiriri walikaa uwali mikononi mwake, akawafunda namna ya kujitunza, namna ya kukaa safi hata katika siku zao, namna ya kumficha mgonjwa asionekane kachafuka. Mkewe Saidy mwenyewe alifundwa naye. Walipomlaza kitandani siku ile, aliwashika mikono wote wawili, Semeni na Sihaba, akawaambia, "Wanangu, nisitirini." Wakamwahidi.

"Ahadi," Mshamu alisema. "Dada yangu anatolewa nje kama kuku wa kuokota, wewe una ahadi."

"Ninayo."

"Na huyo bibi anajua kinachoendelea?"

Semeni alisema hajui kama anajua. Mshamu akachukua ndoo yake. Alipofika mlango wa bafu la makuti akasimama, akasema bila kugeuka kwamba picha ya kumwumbua Sihaba aliitoa bila kuulizwa, na ya kumwokoa anaibana kifuani. Na ilikuwa hivyo hivyo.

*

Alikwenda Ikwiriri kwa mguu mpaka barabarani, kisha kwa pikipiki. Alipitia nyuma. Sihaba alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, kichwani amejifunga kipande cha shuka ya kitandani, kimechanika ukingoni. Semeni alikitazama kipande kile. Hakuuliza bafta iko wapi.

Walisalimiana kama kawaida, habari za Chumbi, habari za tembo waliokula mahindi ya watu. Kisha Semeni akapiga magoti pale pale kwenye makapi akaomba radhi. Alisema hakuona. Akamwonyesha ile pembe iliyopasuka. Sihaba aliitazama, akapitisha ukucha juu ya ufa.

"Wifi, simu kipofu hii," alisema, na kwa muda kidogo walicheka wote wawili, kicheko cha watu waliochoka.

Semeni akamweleza shauri la Mshamu. Kesho baada ya alasiri watakaa, mjomba wake Saidy, Mzee Abdulatifu, ndiye atakayesimamia. Ile picha ya pili ikitolewa maneno yatakwisha.

"Yatakwisha yangu," Sihaba alisema. "Yake yataanza."

Alisema siku tatu hizi Bi Salima hajatoka chumbani. Chakula anapokea, anasema ahsante, anageukia ukutani. Saidy aliingia akamweleza mambo ya picha na kikao, Sihaba akawa anasikia kupitia ukuta, na mama mtu hakujibu neno. Semeni akauliza kama hilo halimwumi. Sihaba akaendelea kutoa chuya kwenye mchele, moja moja.

"Linaniuma. Lakini mama yangu alikufa mimi mdogo, wifi. Huyu ndiye aliyenifunda, na mume wangu alipokuwa anaumwa nilikuwa namsafisha mimi, na yeye alikuwa anasimama mlangoni kuzuia watu wasiingie. Ukiitoa hiyo picha nitasema ni ya uongo."

Semeni alipotoka alipita ukumbini kumwamkia Bi Salima. Mlango ulikuwa umerudishwa. Alisema shikamoo kwenye ubao. Ikajibiwa marahaba kutoka ndani.

*

Wanaume walikaa barazani juu ya majamvi, wanawake wakakaa ukumbini mlango ukiwa wazi. Sihaba alikaa nyuma ya pazia, kama inavyompasa. Mzee Abdulatifu alikuwa na kikohozi na alitaka kuwahi magharibi kwake. Simu ya Saidy ikapitishwa. Ilipomfikia, mzee aliisogeza mbali, akaisogeza karibu, akasema anaona samaki wazuri, na akauliza mtuhumiwa ndiye huyo mwenye ua? Watu walicheka. Saidy hakucheka. Alikuza picha kwa vidole viwili, muuza samaki akatoka nje ya kioo, akabaki Sihaba peke yake, kichwa wazi, mkono umenyooka.

Alizungumza vizuri, Saidy. Alisema yeye hana chuki na shemeji yake. Alisema kila mtu ana siri zake, ila kaka yake hawezi kusema, basi atasemewa. Alisema watu wa mjini washaanza kuuliza kama muuza samaki anakuja kila siku. Ndani, mwanamke mmoja akaguna. Mshamu alikuwa ameinamisha kichwa, anang'oa nyuzi za jamvi.

Mzee Abdulatifu akamwuliza Sihaba, kupitia pazia, alifuata nini nje.

"Nilikuwa na haja, mjomba."

Haja gani?

Pazia likanyamaza. Mzee akakohoa, akauliza tena, pazia likanyamaza tena. Mtu mmoja akasema taratibu kwamba haja isiyosemeka ndiyo hiyo hiyo. Hapo Mzee Abdulatifu akamgeukia Semeni, aliyekuwa amekaa karibu na kizingiti, akamwuliza kama picha ilikuwa moja tu, maana vijana siku hizi wakipiga hupiga nyingi.

"Zipo nyingine, baba."

"Tuone."

Mshamu aliinua kichwa. Alimtazama mkewe mbele ya watu wote, akasema, si kwa ukali, bali kama anamwomba, "Toa, mama Twalibu. Yaishe."

Simu ilikuwa kwenye upindo wa khanga yake, ina joto la mwili wake. Semeni aliishika pale pale ilipo. Alitazama mlango wa Bi Salima, umerudishwa. Alitazama miguu ya Sihaba chini ya pazia, vidole vimekunjwa.

"Sitoi," alisema.

Saidy akafungua mikono kama mtu aliyeletewa alichoagiza. Akasema basi, jibu limepatikana, hata ndugu zake wanaogopa kuonyesha kilichobaki, na gari la kuchukulia vyombo vya shemeji yeye atasaidia kulitafuta. Mwanamke aliyeguna akaguna tena. Mshamu akasimama, akakaa, kwa kuwa hakuwa na mahali pa kwenda.

Mlango ukalia. Bi Salima alitoka akishika ukuta, hatua kwa hatua, na hakuna aliyemshika kwa sababu alikuwa amekwisha kumkataza wa kwanza kwa jicho. Alikuwa amevaa buibui lake la kutokea, amejipaka wanja. Kwapani alibana kitu cheupe. Alipita mbele ya wanawake, wengi wao wanawe wa uwalini, wakasogeza miguu. Akalifikia pazia, akalivuta mwenyewe.

Ilikuwa bafta. Ilikuwa imefuliwa, bila shaka usiku watu wamelala, imetiwa buluu, imekunjwa mikunjo ya kungwi, ile ambayo pembe hukutana na pembe. Alikivua kile kipande cha shuka kichwani mwa Sihaba, akakiangusha chini, akamvika bafta yake. Akaiweka sawa masikioni.

"Kichwa chake kilikuwa wazi," alisema, "kwa sababu nguo yake alikuwa amenivika mimi."

Kikohozi cha Mzee Abdulatifu nacho kilikatika. Saidy alisimama mlangoni na simu yake mkononi, bado inawaka.

"Akuvike kwa nini, mama?"

Bi Salima alimgeukia. Alichukua muda mrefu kugeuka, mwili wake ulikuwa mzito.

"Saidy, mwanangu. Unataka nikuambie mbele ya watu?"

Saidy alimtazama mama yake, usoni, kisha chini, kwenye mkono ulioshika ukuta, kisha akatazama ngazi kule nje. Ikawa kama anahesabu yaliyotokea akakuta yamelingana. Simu ilijizima yenyewe mkononi mwake. Hakusema samahani, wala siku zilizofuata hakuisema. Alisema tu kwamba ataangalia kama mama anahitaji kiti.

Mzee Abdulatifu akasema eda ipo, na ikiisha mirathi igawanywe kwa sheria, nyumba hii na vingine vyote. Akasoma fatiha kwa haraka, akaanza kutafuta kandambili zake.

*

Watu walipoondoka, Mshamu alikwenda kukaa nje kwenye ngazi ile. Semeni alimpelekea maji ya kunywa. Alikunywa yote, akamrudishia kikombe, akasema mkewe ni mtu mgumu. Baadaye kidogo akasema Twalibu angetuma fedha kioo hicho kitengenezwe. Semeni hakujua kama hiyo ilikuwa radhi au lawama, na alikuwa amechoka mno kuuliza.

Aliingia kwa Bi Salima kumuaga. Bibi alikuwa amelala kwa ubavu, buibui limekunjwa kitini, Sihaba anamkanda miguu.

"Unayo bado?" Bi Salima aliuliza.

"Ninayo, mama."

"Nionyeshe."

Semeni akamtazama wifi yake. Sihaba akaendelea kukanda. Basi akaitafuta, akamsogezea karibu na macho. Pembe iliyopasuka haikugusa kitu safari hii. Kila kilichokuwemo kilionekana. Mwanamke mzee ameketi vumbini, nusu yake nyeupe. Mwanamke kijana amechuchumaa, mkono mmoja shingoni mwake, mwingine unapokea dumu. Muuza samaki na ua lake wameelekea ukutani. Jua limeingia kwenye maji yanayomwagika. Katika picha zote alizowahi kupiga, za wageni na za njiani, Semeni hakuwa na nzuri kama hiyo, na alilijua hilo tangu siku ya kwanza.

Bi Salima alitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe nimezeeka hivi," alisema. Kisha akauliza, "Yule bwana alilipwa maji yake?"

"Alikataa, mama."

"Ukimwona tena, mwamkie kwa ajili yangu." Akafumba macho. "Haya. Futa."

Semeni alibonyeza. Picha haikuondoka, palitokea maandishi.

"Inasemaje?" Bi Salima aliuliza, macho amefumba.

"Inauliza kama nina hakika."

Nje, kwenye barabara kuu, basi lilipiga honi. Sihaba aliacha kukanda. Bibi akavuta bafta iliyokuwa begani mwa mkwewe, akaishika ukingo kwa vidole viwili, kama mtu anayepima kama kitambaa kimekauka.

"Iambie ndiyo," alisema.